Huyu mnayemjua amenitumia nywila yangu kwenye barua pepe ikiwa uchi wa mnyama

Wakuu, ninaandika mikono ikitetemeka. Simtaji mwenye tovuti huyu, kwa kuwa kila mmoja wenu ana akaunti kwake na ameshalizwa naye. Leo asubuhi alinifungia mlango akidai kwamba siku 90 zimekwisha, kana kwamba nywila ni maziwa. Nikatunga mpya ya herufi 22, akaikataa kwa sababu kikomo chake ni 12. Nikaikata, akadai herufi kubwa. Nikaiweka, akadai tarakimu, kisha alama, lakini si alama niliyoichagua. Nilipotaka kuibandika kutoka kwenye programu ya kutunzia nywila akanizuia, nikabaki kudonoa vitufe kama kuku.

Baada ya mateso hayo nikaisahau. Nikabonyeza "Umesahau nywila?" nikitarajia kiungo cha kuweka nyingine, naye akaniletea nywila yangu yenyewe, herufi kwa herufi, na chini yake: "Asante kwa kuzingatia usalama." Yenyewe! Maana yake ameihifadhi kama ilivyo, ilhali anayeijua kazi hii huhifadhi heshi tu, yaani msimbo unaokokotolewa kutokana na nywila, ambao hata mwenye mfumo hawezi kuugeuza uwe nywila tena. RockYou, kampuni ya Marekani ya programu za mitandao ya kijamii, nao walihifadhi nywila kama zilivyo, na mwaka 2009 zikavuja nywila zaidi ya milioni 32, iliyoongoza ikiwa 123456. Mtu anidai alama ya mshangao kwa ukali ule, kisha aiandike nywila nzima kwenye barua pepe pamoja na mshangao wake!

Kufuli Bovu: Pole, mkuu. Umeshatuambia kwamba ni herufi 12 na ina mshangao. Ukitutajia na jina la paka wako, tutamalizia wenyewe.

Mzee wa Daftari: Hizo siku 90 ndizo balaa. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliacha tangu 2017 kushauri watu walazimishwe kubadili nywila bila dalili ya kuvuja, na mwaka huohuo Bill Burr, aliyeandika mwongozo wake wa nywila wa 2003, alikiri kwamba anaujutia. Mimi nilianza na Januari1!, sasa nimefika Desemba1! na miezi imeniishia.

Mleta uzi: Sikuja kwa ajili ya siku 90. Nimekuja kwa ajili ya ile barua pepe.

Mtoto wa Mama: Afadhali wewe. Mimi aliniuliza swali la siri, jina la mama mzazi, nikajibu, akasema nimekosea. Nikampigia mama simu, naye akathibitisha kwamba anaitwa vilevile.

Kufuli Bovu: Huenda mama naye amefikisha siku 90.

Asiyelala: Swali langu ni rafiki wa utotoni. Tumegombana, na kila nikitaka kuingia lazima nimwandike.

Mleta uzi: Jamani, barua pepe!

Asiyelala: Barua pepe gani?