Naomba ushauri: jino la kauri limeachwa nyuma na wenzake

Wakuu, habari za leo. Mwaka jana niliwekewa kofia ya kauri kwenye jino la mbele, rangi ikafanana kabisa na majirani zake. Miezi miwili sasa nasukutua kwa dawa ya kung'arisha meno, ile yenye peroksaidi. Meno ya asili yameanza kuwa meupe, kauri imebaki palepale; nikicheka kwenye picha, linaonekana jino la kuazima! Najua peroksaidi haing'arishi kauri. Hofu yangu ni asidi ya dawa hiyo kula mng'ao wa juu wa kauri, halafu chai ya rangi (siachi ng'o) ishike madoa. Nisitishe dawa nisubiri meno yarudi rangi yake ya zamani, au nibadilishe kofia? Na gharama yake siyo mchezo. Yaliyowakuta mlifanyaje?