Ukishamaliza mionzi, halafu? Tupeane uzoefu wa maisha baada ya saratani

Wakuu, salaam. Huu mwaka wa nne tangu nikatwe titi la kushoto.

Malengo ya Shirika la Afya Duniani ya saratani ya mlango wa kizazi mnayajua: ifikapo 2030, wasichana 90 kati ya 100 wawe wamechanjwa kabla ya miaka 15, wanawake 70 wamepimwa, na 90 kati ya kila 100 wanaokutwa na ugonjwa wametibiwa. Siyapingi, binti yangu mwenyewe kachanjwa. Ila hesabu inaishia kwenye kutibiwa. Sisi tuliokwisha rudi nyumbani tumo wapi?

Naanza mimi. Bei ya titi la bandia niliisikia nikacheka. Nikashona mfuko wa kanga, nikajaza mtama, uzito ukaja sawasawa kabisa! Mwezi wa pili niko kwenye kikoba, nahisi kitu kinatambaa shingoni. Fukusi. Siku hizi najaza pamba na soksi kuukuu, nabana na pini kwenye sidiria lisipande nikiinama kufagia.

Kinachonitesa ni mkono. Ulivimba mpaka pete ikakatwa na sonara. Ndipo nikaambiwa tezi za kwapani zikitolewa maji hukosa njia, na kwamba kuna mazoezi ningeanza mapema. Karatasi niliyotoka nayo wodini ilikuwa na tarehe ya kurudi, basi.

Nani mwingine?

Baba Neema: Pole dada. Mke wangu ilikuwa mlango wa kizazi. Tulitoka Mbeya, wiki tano za mionzi Dar, tumefikia kwa shemeji Mbagala. Akapona, tukarudi. Hedhi ikakata akiwa na miaka 38, na usiku akawa ananigeuzia mgongo. Nikajua kanichoka. Mwaka na nusu tumelala mzungu wa nne! Nesi mmoja wa huku kwetu ndiye aliyetuweka chini: mionzi hukausha njia na kuibana, kuna vilainishi, kuna vifaa vya kutanulia. Kumbe alikuwa anaumia na anaona aibu kusema.

Mama Pacha: Mimi niliwahiwa. Wakapaka siki kwenye mlango wa kizazi, pakatokea weupe, yaani dalili za awali kabla haijawa saratani, wakapagandisha kwa baridi siku ile ile. Kazi ikawa kumweleza mume kwamba wiki nne hakuna kukutana. Mama mkwe akaeneza kwamba nimetoa mimba.

Mchimba Kokoto: Hiyo chanjo si ndiyo inaleta ugumba?

Mama Pacha: Mkuu, chanjo ilianza nchini 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Hao leo ni wanawake wazima, wengine wananyonyesha. Siku hizi ni dozi moja, miaka 9 hadi 14. Ukitaka ubishi fungua uzi wako, hapa tunaongea na Baba Neema.

Baba Neema: Haha, asante.

Kifungua Mimba: Dada mleta uzi, hizo soksi unajaza kiasi gani? Mama anatoka wodini Ijumaa na ameshasema kanisani haendi tena.

Mleta uzi: Kidonda kikauke kwanza, asikibane na chochote kigumu. Kwa sasa pamba tupu ndani ya kitambaa laini. Uzito ni baadaye: pima na titi lililobaki, punguza kidogo. Niambie saizi ya sidiria yake, nitamshonea mimi.