Ushauri: Mwenzangu wa geto hawezi tena kuamka bila kuzimua

Kijana_wa_Dom: Wakuu, heshima kwenu. Tuko mwaka wa pili hapa Dodoma. Rafiki yangu alianza kama wengi: boom (hela ya mkopo wa chuo) likiingia ni nyagi (pombe kali) wikiendi nzima, Jumatatu darasani. Sasa hangoji wikiendi. Ana sup (mitihani ya kurudia), ana madeni, na asubuhi mikono inamtetemeka hadi hashiki kalamu. Akizimua, yaani akinywa tena kidogo kuondoa uchovu wa pombe ya jana, inatulia. Washkaji tumepanga tumfungie ndani wiki nzima, tumnyang'anye hela, anywe supu tu mpaka pombe imtoke. Tuko sawa?

Mzee_Kificho: Fungeni. Ulevi unavunjika kwa ubishi.

Nesi_wa_Zamu: Mdogo wangu, msimfungie hata kidogo! Wodini tunawapokea vijana waliofanyiwa hivyo na watu wanaowapenda. Mikono kutulia akinywa ni dalili kwamba mwili umeshaizoea pombe. Kila siku ubongo hujikaza kupambana na kileo. Kikikatwa ghafla, ule mkazo unabaki bila cha kuuzuia. Saa 6 hadi 48 tangu glasi ya mwisho anaweza kupata degedege. Siku ya pili au ya tatu anaweza kuweweseka, kuona vitu visivyokuwepo, mwili kuchemka, moyo kwenda mbio. Watu hufa hapo. Hospitali atapewa dawa za kumtuliza, zipunguzwe taratibu, na vitamini B1, maana walevi wengi huishiwa nayo. Mirembe, hospitali ya afya ya akili, iko hapohapo Dodoma. Mtaani wanaiita ya vichaa na maneno hayo yanachelewesha wagonjwa. Mpuuzeni anayesema hivyo.

Akizima kwa pombe, mlazeni ubavu asipaliwe na matapishi. Kahawa na maji ya baridi havimtoi pombe mwilini.

Mama_Lekcha: Kuhusu masomo, apate barua ya daktari aipeleke kwa mshauri wa wanafunzi kabla ya sup, aulize utaratibu wa kuahirisha. Akitoweka kimyakimya ndipo anapodisko, yaani kuondolewa chuo.

Kijana_wa_Dom: Nesi, ahsante sana. Amekubali kwenda kesho, ila anaogopa mama yake asijue. Na leo usiku tufanyeje?

Nesi_wa_Zamu: Mama ataambiwa na yeye mwenyewe akipata nafuu, msimtangulie. Leo msimkatie pombe ghafla wala msimwongezee, na asilale peke yake. Degedege likianza usiku, msingoje asubuhi.