Tupeane uzoefu: ni kitu gani kidogo ulichobadilisha nyumbani hela ikaanza kubaki?

Mpangaji wa Mbagala

Wakuu, salaam. Mwezi wa tatu mshahara uliniishia tarehe 11. Si mara ya kwanza, ila safari hii sikuwa na cha kusingizia: hakuna msiba, hakuna mgonjwa, hakuna mgeni aliyekuja kulala. Nikanunua daftari, nikamwambia mke wangu kila shilingi inayotoka tuiandike, hata ya pipi.

Kilichokuwa kinatutafuna si nyama wala kodi. Ni genge. Mtoto alikuwa anatumwa gengeni mara nne kwa siku: asubuhi sukari ya kupima, mchana nyanya za 500, jioni mafuta ya kupima, usiku kiberiti. Na kila akirudi, chenji imegeuka ubuyu. Nilipojumlisha hayo mafuta peke yake, tulikuwa tumelipa hela ya lita saba kwa mafuta yasiyofika lita tano.

Sasa orodha inaandikwa usiku, anaenda mtu mmoja, mara moja, basi. Inabaki kama 45,000 kwa mwezi. Siyo utajiri, lakini ndiyo ada ya tuisheni.

Hapa sitaki habari za kuwekeza wala kilimo cha matikiti. Leteni ya jikoni, bafuni na uani, yale uliyoyafanya mwenyewe. Na kama yalikushinda, sema pia.

Mjukuu wa Pangani

Sabuni.

Bibi yangu hakuwahi kutumia sabuni siku iliponunuliwa. Mche ukifika anaukata kwa uzi, siyo kisu, maana kisu kinaumega. Vipande anavipanga juu ya kabati, vimeachiana nafasi, vinakaa wiki mbili mpaka vinapauka. Ukivigonganisha vinalia kama vigae. Sabuni mbichi ukiiingiza kwenye beseni inageuka uji, nusu inaishia kwenye maji. Iliyokauka inaliwa taratibu.

Nilimwona mshamba mpaka nilipojifungua mapacha nikaanza kufua nepi za vitambaa. Sasa kabati langu liko vilevile kama la bibi. Mume wangu analalamika chumba kinanuka dobi. Nimemwambia atazoea.

Baridi ya Iringa

Kwetu mwezi wa sita na wa saba huwezi kuoga maji ya bomba ukabaki na akili zako. Kwa hiyo mwaka juzi nikafunga hita ya bafuni, ile ya kupasha maji papo hapo. Raha sana. Kisha nikaona LUKU inakimbia kama imeibiwa.

Nikasoma pembeni ya hita: wati 4,500. Ukioga dakika kumi umekula robo tatu ya uniti. Sisi tuko wanne, maana yake uniti tatu kila siku kwa kuoga tu. Kwa tarifu ya kawaida elfu kumi inatoa uniti 28 hivi, kwa hiyo hiyo elfu kumi inamalizwa na kuoga kwa siku tisa.

Sasa tunachemsha kwenye jagi la umeme. Majagi mawili yaliyojaa, unachanganya na maji ya baridi lita saba, unapata ndoo moja ya moto safi kabisa, na umeme wake ni nusu ya ule wa hita. Hita ipo bado ukutani. Wakwe wakija tunaiwasha.

Bachela Sugu

Mimi nabana matumizi kwa kutooa. Endeleeni, nasoma.

Mama Wawili

Bachela, wewe ndio unaongoza kwa hasara. Chipsi mayai za kila usiku umeziandika kwenye daftari?

Nije kwenye mada. Maharage. Zamani nilikuwa nabandika maharage makavu saa nane mchana, mpaka saa kumi na moja bado yanaruka kwenye sufuria, na mkaa nimeongeza mara mbili. Nilipohamia gesi nikaendelea na tabia ileile. Mtungi wa kilo 6 ulikuwa hauvuki wiki tatu, nikawa nawaambia watu gesi ni ya matajiri.

Aliyenisaidia ni shoga yangu mmoja tuliyekuwa tunapanga nyumba moja. Alinionesha mambo mawili: loweka usiku, na nunua sufuria ya presha. Ukiloweka kwa muda wa saa nane ukayaweka kwenye presha, ikianza kupiga filimbi unapunguza moto uwe mdogo kabisa, dakika 25 mpaka nusu saa yameiva. Napika ya siku tatu kwa mara moja bila nazi, nayagawa kwenye makopo, naweka kwenye friji. Nazi na kitunguu naunga siku ya kula. Mtungi sasa unagonga wiki ya sita.

Ila dada zangu, sufuria ya presha usiifungue kwa hasira. Nilifungua kabla haijatoa mvuke wote, maharage yakapanda mpaka kwenye feni. Nina alama mkononi hadi leo. Na raba ya mfuniko ikichakaa badilisha, usiifunge kwa kitambaa kama nilivyomkuta jirani anafanya.

Kahama Mjini

Hii ya kununua kwa jumla mimi nitaipinga. Wote tunaimba "nunua gunia, nunua gunia". Nilinunua gunia la mchele wa Kyela, mzuri, unanukia mpaka mlangoni. Kilichotokea: mchele ukiwa kilo mbili nyumbani, mpishi anapima. Ukiwa gunia, anachota. Wali mchana, wali usiku, pilau Jumatano bila sababu, na jirani anaomba "kidogo tu". Nilipanga gunia liende miezi mitatu, lilienda mwezi mmoja na siku nane. Na fukusi nao wakaja kula fungu lao, pamoja na kwamba nilitia pilipili kavu na majani ya mwarobaini.

Nilichojifunza ni kwamba gunia linafaa kama lina kufuli. Sasa stoo ina ufunguo na kila Jumapili natoa kilo za wiki kwenye ndoo. Ndoo ikiisha Alhamisi, ugali. Wananiita bahili, nimekubali.

Mpangaji wa Mbagala

@Kahama Mjini umenichekesha, lakini mke wangu amesoma na amenyamaza. Nadhani amekuelewa kuliko mimi.

Fundi Bomba Mstaafu

Vijana, mnahesabu kiberiti huku choo kinakunywa hela.

Nyumba nyingi nilizoitwa kwa "bili ya maji imekosewa", tatizo lilikuwa ndani ya tanki la kuflashi. Mpira wa chini umechakaa, maji yanachuruzika kwenda sinki usiku na mchana, kimyakimya, huwezi kuyasikia. Jipimeni hivi: chukua unga wa juisi ya rangi nyekundu, tia kwenye tanki, usiflashi, subiri nusu saa. Ukikuta sinki limekuwa jekundu, tanki linavuja. Mpira wenyewe ni wa hela ndogo tu, na kuubadilisha hakuhitaji fundi. Nasema hivyo mimi niliyekula kwa kazi hiyo.

La pili: usiku funga mabomba yote, kaangalie mita. Kile kigurudumu kidogo kikizunguka, maji yanaenda mahali usipopajua. Kuna nyumba moja Tabata tulichimba ua mzima tukakuta bomba limepasuka chini ya mgomba. Mwenye nyumba alikuwa anawasifia watu jinsi mgomba wake unavyostawi kiangazi.

Bint Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu nazi haitupwi kitu. Tui la kwanza la wali. La pili la mboga. La tatu, hilo jepesi ambalo wengine hulimwaga, mimi huanzia kuchemshia mbaazi. Chicha ni ya kuku. Vifuu navianika, vikikauka navitia jikoni chini ya makaa, vinashika moto upesi na makaa hutumia machache. Kifuu kizuri kisichopasuka fundi akakitia mpini, ni upawa huo.

Na kiporo jamani. Watoto wa siku hizi wakisikia wali wa jana wanakunja uso. Wa kwangu nautia kitunguu na pilipili hoho, nauita jina la Kizungu, wanagombania. Ila wali usilale mezani usiku kucha kwa joto hili letu. Ukipoa tu uingie kwenye friji. Mimi tumbo lilinifundisha hilo.

Makongo Juu

Naomba niseme upande wa pili, maana kubana nako kuna mpaka. Mimi nilisikia friji inakula umeme, nikawa naizima kila usiku saa nne, naiwasha saa kumi na mbili. Nikajisifu kwa wiki nzima. Siku ya nane mke wangu akafungua akakuta kilo tatu za nyama zimebadilika rangi na maziwa yamekata. Hasara ya siku moja ikameza umeme wote niliodhani nimeokoa, na bado friji ikiwashwa asubuhi inanguruma saa nzima kurudisha baridi.

Kumbe tatizo lilikuwa raba ya mlango imelegea. Ukibana karatasi mlangoni ukaivuta ikatoka bila kusita, ujue baridi inatoka. Tuliisafisha, sehemu iliyopinda tukaipasha maji ya moto ikanyooka. Pia tuliisogeza mbali na ukuta ili ipumue. Friji sasa siizimi. Na mke wangu kila akipika nyama ananiuliza kama nimeruhusu.

Kibubu Kimevunjwa

Ya kwangu ni fupi na inauma. Nilitengenezewa kibubu cha mbao, hakina mlango, cha kuvunja Desemba. Kila noti ya elfu mbili iliyoingia mkononi ilikuwa inakwenda huko. Desemba nimekipasua mbele ya familia, nikakuta 38,000 na kijiti kilichopakwa ulimbo.

Mtoto wangu wa kiume, miaka 11. Alikuwa anavua hela kama samaki, tangu Juni. Nilishindwa nimpige au nimpeleke VETA akasomee ufundi.

Sasa hela ya kibubu inakwenda kwenye kikoba cha wanawake pale mtaani, anakaa nayo mke wangu. Huko ulimbo haufiki.

Bachela Sugu

Nimehesabu chipsi. Naomba anayeuza sufuria ya presha iliyotumika aniambie.

Baridi ya Iringa

@Mjukuu wa Pangani, jana nimejaribu kukata mche kwa uzi wa kushonea, umekatika mara tatu na kidole kimechanika. Bibi alikuwa anatumia uzi gani?

Mjukuu wa Pangani

Ule mweupe ulioshonea mdomo wa kiroba cha unga. Ukifungua kiroba usiukate kwa kisu, tafuta ncha uvute, unatoka wote mzima. Uzungushe kwenye mche mara moja, shika ncha mbili, vuta kwa pamoja.