ALINITOA UWANJANI ROBO YA TATU, AKAZIMA REDIO, SASA ANADAI HELA YA MAFUTA

Mtakatifu wa Dandenong:

Wakuu, salamu baadaye. Mikono inatetemeka hapa, nikikosea herufi mnisamehe.

Leo Jumapili, 27 Julai 2025, timu yangu St Kilda wamefanya jambo ambalo halijawahi kufanywa na timu yoyote tangu ligi hii ya AFL, ule mpira wa Kiaustralia, ianze mwaka 1897. Wameingia robo ya mwisho kati ya robo nne za mechi wakiwa nyuma pointi 46, wakamfunga Melbourne kwa pointi 6. Goli la ushindi limepigwa king'ora cha kumaliza mechi kikiwa kimeshalia. Tiketi nilikuwa nayo. Kiti nilikuwa nacho. Skafu ilikuwa shingoni. Na goli linaingia, mimi niko chini ya ardhi, ndani ya handaki la magari la Burnley, pembeni ya mtu aliyezima redio.

Alizima redio, wakuu.

Simtaji. Mnamjua. Kila Mswahili wa Melbourne kuanzia Footscray mpaka Pakenham anamjua. Ni yule ambaye popote pale lazima aondoke kabla shughuli haijaisha, kisa foleni. Msibani anaondoka kabla ya dua. Siku ya kiyama watu tunapangwa mistari, yeye atakuwa anazunguka na funguo mkononi anaulizia njia ya mkato.

Sikilizeni ilivyokuwa. Mapumziko ya robo ya tatu, watu wanakwenda kununua chipsi, yeye kasimama. Funguo anazichezesha sikioni kwangu, chwa chwa chwa. "Bwana mdogo, pointi 46 hazirudi hata washuke malaika. Twende kabla watu hawajamwagika." Nikamwambia kaka, hii siyo soka, hapa goli moja ni pointi 6, magoli manane tu tunakuwa mbele. Akacheka. Akacheka kwa sauti, mpaka wa mbele wakageuka. Basi nikainuka. Gari lake, na ndiye aliyenifuata nyumbani. Nikapita kwenye magoti ya safu nzima naomba radhi, skafu nyekundu, nyeupe na nyeusi inaburuzika juu ya mapaja ya watu. Mzee wa kiti cha mwisho akaitazama skafu, akanitazama usoni, akavuta miguu nipite. Hakusema neno. Yale macho sitayasahau.

Tunatoka maegesho, redio imewashwa, goli la kwanza. La pili. La tatu. Napiga dashibodi, yeye ananiambia nisimvunjie gari, "hao wanajifariji tu". Tunakaribia handaki, mtangazaji sauti imeanza kupasuka, St Kilda wanakaribia kabisa, na hapo simu yake ikaita. Wa mbuzi! Wakuu, mtu wa mbuzi! Akanyoosha kidole, kile chenye pete ya jiwe la kijani, akabonyeza. Kimya. Nikasema kaka, nakuomba, dakika mbili tu. Akaniwekea kiganja kama trafiki wa Ubungo.

Handaki la Burnley lina kilomita 3 na ushee. Kilomita zote hizo nimesikiliza bei ya mbuzi. Mguu wa nyuma kiasi gani, utumbo umo au haumo, kichwa mnachoma wenyewe au tunakuja nacho. Simu yangu imezima chaji tangu robo ya pili. Nimekaa nakitazama kile kitufe cha redio, sentimita 20 kutoka kwenye goti langu, na sikukigusa, kwa sababu nimelelewa.

Tulipotoka upande wa pili akaiwasha mwenyewe. Nikasikia uwanja mzima unalia. Siyo kushangilia, ni kulia. Mtangazaji hana sauti tena.

Sasa nisomeeni mlichoona nyinyi, maana mimi nimekiona kwenye simu jikoni, nimesimama na koti mwilini. Nasiah Wanganeen-Milera wetu anasawazisha sekunde chache kabla ya mwisho. Mpira unarudi kati. Melbourne wamejipanga vibaya! Ile sheria ya 6-6-6, tangu 2019, kwamba mpira ukianzia kati kila timu iwe na watu sita mbele, sita kati, sita nyuma. Kwa sheria ya 2025, mara ya kwanza mnaonywa, ya pili mnaadhibiwa. Wakaadhibiwa, mpira wa adhabu kwetu. Rowan Marshall wetu anaupiga mrefu mbele, anaudaka nani? Wanganeen-Milera yuleyule, peke yake. King'ora kinalia, mpira uko mikononi mwake, na sheria inamruhusu kupiga. Akapiga katikati ya nguzo mbili ndefu, pointi 6.

Mimi nilikuwa kwenye utumbo.

Kadi ya kuingilia siyo hata yangu. Nilipewa na mzee mmoja ninayefanya naye kazi ghala, mguu unamsumbua siku hizi. Alikuwepo mwaka 1966, mtoto, juu ya mabega ya baba yake, siku St Kilda walipochukua ubingwa wao wa kwanza na wa mwisho kwa pointi 1 tu mbele ya Collingwood. Miaka 59 anangoja wa pili! Ameiona fainali ya 2009 ikipotea kwa Geelong. Ameiona sare ya fainali ya 2010. Skafu ninayovaa ni yake, ina tundu la sigara pembeni. Amepiga simu saa ile nimeingia nyumbani: "Ulikuwa umekaa upande lilipoingia? Ulimwona uso?" Nimwambie nini yule mzee? Kesho saa 12 asubuhi tuko zamu moja.

Na bado! Saa hii napokea ujumbe: dola 15, mchango wa mafuta. Na kituko kikubwa: "Umeona lakini, hatukukuta foleni."

ALIZIMA REDIO.

---

Mlinzi wa Geti:
Mkuu pole. Swali dogo. Ule uwanja wa Docklands na stesheni ya Southern Cross ni kuvuka daraja la miguu tu. Treni ya Dandenong leo ilikuwa inapita hapohapo. Ulishindwa nini kubaki?

Mtakatifu wa Dandenong:
Mtu amekufuata mpaka mlangoni kwako, mnaongozana, halafu umwambie tangulia wewe? Wewe ungeweza? Na hoja siyo treni. Hoja ni redio.

Mlinzi wa Geti:
Ningeweza asubuhi na mapema.

Mama Wawili:
JAMANI NAMJUA. Harusi ya Noble Park alitupakia watu watano. Pilau limefunuliwa, naliona mvuke wake, iliki inanukia mpaka maegeshoni, yeye anawasha gari. Tukala mkate wa dukani saa 6 usiku na nguo za harusi mwilini. Mpaka leo mume wangu akimwona anabadilisha njia.

Kunguru wa Collingwood:
Nimecheka mpaka nimemwaga chai. St Kilda mnashinda mechi moja ya msimu wa kawaida mnaleta uzi kama mmechukua kombe. Mabingwa mara moja tangu dunia iumbwe, vijiko vya mbao vya kushika mkia 27, hakuna klabu yenye vingi kama nyinyi. 2010 mlikuwa na goli wazi, mpira ukamdundia kombo Milne wenu, ukapita pembeni ya goli, pointi 1 tu, ikawa sare. Tukarudiana wiki ya pili, tukawapiga pointi 56. Handaki hilo ndilo mnaishi, mkuu.

Mtakatifu wa Dandenong:
Ule mdundo usiutaje mbele yangu. Mpira wetu una ncha, unadunda unavyotaka wenyewe, ilikuwa dakika za mwisho, na walioona wanajua tulistahili. Lakini mdundo ni wa Mungu. Redio ilizimwa na kidole cha mtu.

Shetani Mstaafu:
Mimi ni wa timu ya Melbourne. Nilibaki mpaka mwisho. Niko hapa, hakuna aliyenipa pole.
Wewe umekosa furaha, unalia. Mimi nimekaa kitini nikatazama pointi 46 zinayeyuka moja moja kama barafu juu ya bati. Nimemwona mwanangu wa miaka tisa akivua skafu na kuiweka mfukoni. Tulisubiri ubingwa tangu 1964, ukaja 2021, na tukaupata Perth kwa sababu ya Covid, sisi wenyewe tumefungiwa ndani Melbourne tunatazama kwenye televisheni. Nipeni huyo mwenye gari. Namlipa dola 50, wikiendi ijayo anitoe robo ya tatu.

Mama Wawili:
Pole baba. Mpe mtoto uji wa moto.

Mshambuliaji Mstaafu:
Kwa hiyo huu nao ni mpira? Watu 36 wanakimbizana na yai kwenye uwanja wa duara, ukikosa goli unapewa pointi 1 ya kupozwa moyo. Simba na Yanga zipo mnakesha na mambo haya.

Mtakatifu wa Dandenong:
Hujui, kaa kimya. Mtu anaruka anapanda mgongo wa mwenzake, anaudaka mpira juu kabisa, anashuka nao. Njoo siku moja uone kwa macho yako halafu uniambie tena.

Mshambuliaji Mstaafu:
Nije na gari la nani?

Miaka Ishirini na Moja:
Essendon hapa. Hatujashinda mechi hata moja ya hatua ya fainali, zile za mwezi wa tisa, tangu Septemba 2004. Binti yangu amezaliwa baada ya hapo, amemaliza shule, ana leseni ya udereva, hajawahi kuniona nikitabasamu mwezi wa tisa. Mwenye St Kilda una usiku mmoja wa furaha duniani, unautumia kulalamikia redio?

Mtakatifu wa Dandenong:
Ndiyo! Kwa sababu ni mmoja! Ingekuwa tunashinda hivi kila wiki ningemwacha azime hata taa za gari.

Mtoto wa Turkana:
Mimi niko Adelaide na timu yangu ni Port Adelaide, sababu moja tu: Aliir Aliir. Kijana amezaliwa Kakuma, kwetu kabisa, na 2021 akaingia kikosi bora cha ligi nzima. Mechi zao natazama nikiwa nimesimama.

Mlinzi wa Geti:
Kuzaliwa kambini Kakuma hakumfanyi awe wa Kenya. Wazazi wake ni wa Sudan Kusini. Wakenya mnapenda kudandia.

Mtoto wa Turkana:
Boss, vumbi ya kwanza ilimwingia puani ilikuwa ya Turkana. Nani anadandia hapo? Sudan Kusini wana haki yao, na sisi tuna ile vumbi. Wewe timu yako ina nani wa kwenu?

Mlinzi wa Geti:
Mimi ni Hawthorn, msimu huu wa 2025 tuna Mabior Chol na Changkuoth Jiath. Siwaiti wa kwangu, nawapigia makofi tu.

Mtakatifu wa Dandenong:
Wakuu naomba turudi kwenye mada. Ametuma ujumbe mwingine. Anasema dola 15 nikichelewa inakuwa 20.

Kunguru wa Collingwood:
Lipa. Maegesho ya Docklands siku ya mechi siyo bei ya bure.

Mama Wawili:
Usilipe! Sisi alitudai ya harusi ile. Watu watano, kila mtu dola 12, na kiyoyozi hakikuwashwa.

Miaka Ishirini na Moja:
Huyo huyo? Mimi aliniuzia friji.

Mama Wawili:
LILE JEUPE? La mlango wa kushoto?

Miaka Ishirini na Moja:
Hilohilo. Linanguruma usiku kama treni ya mizigo. Nimempigia simu mara nne, kila mara anasema yuko njiani anakwepa foleni.

Mama Wawili:
Lile lilikuwa la dada yangu! Alimpa alipeleke jalalani!

Shetani Mstaafu:
Samahani kuingilia. Kuna mtu ana namba ya huyo wa mbuzi? Mwanangu hajala tangu turudi, na kitu anachopenda ni supu.

Mlinzi wa Geti:
Hata mimi naitaka. Tuna arobaini ya mtoto Jumamosi.

Mtakatifu wa Dandenong:
Wakuu. Pointi 46. Mpira wa mwisho wa mechi. Alizima redio.

Mlinzi wa Geti:
Tumesikia mkuu, pole sana. Mguu wa nyuma alisema kiasi gani?