Mzee ana ng'ombe 71, vuli imegoma: tuuze sasa au tusubiri masika?

Kijana wa Ketumbeine aliandika:

Wakuu, naomba mawazo ya wanaofuga kweli, siyo wanaofugia kwenye simu.

Kazi yangu iko Arusha mjini, ila boma letu liko Ketumbeine, Longido. Mzee ana ng'ombe 71, mbuzi na kondoo kama 130. Vuli ya safari hii ilitudanganya. Ilinyesha siku mbili mwezi wa kumi na moja, majani yakachomoza, jua likayarudisha chini. Sasa ni Januari, bwawa limebaki tope, ng'ombe wananyweshwa siku moja na kuruka siku moja. Masika yakija kwa wakati wake ni Machi.

Wiki iliyopita nilimwambia mzee tuuze 35 wakiwa bado na nyama. Dume zuri mnadani linakwenda laki nane, na wanunuzi wanaovuka Namanga wapo. Hela tuweke benki, mvua ikirudi tununue wengine. Hesabu ya darasa la tatu hiyo. Mzee alinitazama, akachukua fimbo yake akaondoka. Jioni ndipo akasema: "2009 nilikuwa na 118. Ningekuwa na 50, wewe usingesoma."

Nilikosa la kujibu. Mwaka ule nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka kila alfajiri majirani walikuja kutusaidia kuinua ng'ombe walioshindwa kusimama. Mmoja anashika mkia, wawili wanapitisha mti chini ya kifua. Tulibaki na 23.

Sasa nani amekosea, mimi au yeye? Na kama ni kuuza, tuanze na yupi?

Mstaafu wa Mifugo alijibu:

Uza, na uuze mwezi huu. Nimekaa minadani miaka mingi, sijaona mwaka wa ukame ambao bei ya Februari iliizidi ya Januari. Ng'ombe akishaonyesha mbavu dalali anakupangia bei yeye, na huna nguvu ya kumrudisha nyumbani kwa miguu. 2009 watu waliuza ng'ombe mzima kwa elfu ishirini, wengine wakachuna ngozi tu.

Jirani wa Kajiado alijibu:

Ndugu, mimi niko upande huu wa Namanga. Kabla hujafikiria kununua "wengine" mvua ikirudi, sikiza yaliyonipata. Nilikuwa nimeuza ng'ombe wadogo wa baba nikanunua Sahiwal 14, wakubwa, warembo, kila mtu akipita anasimama kuwatazama. Halafu mvua ikakataa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022. Hapa Kenya walikufa mifugo zaidi ya milioni 2. Katika hao walikuwemo Sahiwal wangu 12. Ng'ombe wawili wadogo wa nyanya yangu, wale nilikuwa nawacheka, walimaliza ukame wakiwa wamesimama. Mkubwa anakula kama wawili na hajui kutembea. Kondoo ni hivyo hivyo: Dorper ana nyama, lakini ni yule mwekundu wa Kimaasai anayevumilia minyoo na njaa.

Siku hizi nimezungushia waya ekari kumi, napanda nyasi za Boma Rhodes, nakata marobota. Kiangazi kilichopita yaliniokoa. Lakini nakiri jambo moja: ranchi yetu ya kikundi ilipogawanywa, kila mtu akapata hati yake na waya wake, njia za kuhamia zikakatika. Mimi ni mmoja wa waliozikata. Nyinyi mlio na ardhi ya kijiji bado mnaweza kuhama. Msiione kama ushamba.

Kijana wa Ketumbeine aliandika:

Asante. Na hiyo bima ya mifugo tunayoisikia Kenya, inasaidia?

Jirani wa Kajiado alijibu:

Ilianzia Marsabit 2010. Setilaiti inatazama ukijani wa eneo zima. Majani yakishuka chini ya kiwango, mnalipwa, hata kama ng'ombe wako hajafa. Wengi waligombana nayo kwa hilo, lakini faida iko hapo: pesa ikija mapema unanunua nyasi badala ya kusubiri mzoga. Ubaya wake ni kwamba setilaiti inaweza kuona kijani cha vichaka ambavyo ng'ombe hali.

Koko wa Simanjiro alijibu:

Mwanangu, mjukuu wangu ananisomea na kuniandikia, kwa hiyo makosa ni yake.

Hesabu ya baba yako ni ndefu kuliko yako. Ukame haumalizi boma, unachukua fungu. Mwenye 118 akabaki na 23, mwenye 50 angebaki na kumi. Kwa kumi hujengi boma tena, unakwenda kulinda mageti mjini. Na hiyo benki yako: hela haizai ndama, inazaa wageni. Ada, hospitali, harusi ya binamu. Mvua ikirudi kila mtu anatafuta mtamba siku hiyo hiyo, na ulichouza kwa mbili utanunua kwa tano.

Lakini na wewe hujakosea yote. Katika hao 71, madume ni wangapi? Dume halizai, na linakula. Kuna majike ambao meno yameisha. Hao ndio wa mnadani, na waende leo. Mitamba usiiguse.

Sasa nikuulize: umezungumza na mama yako? Maana nasomewa mzee, mzee, mzee. Ng'ombe waliogawiwa nyumba ya mama yako ni wa nyumba ile, na mzee akiuza bila yeye kutakuwa na kikao. Tena yeye ndiye anayeshika viwele kila asubuhi. Anajua nani amekauka na nani anajikaza. Wewe ulisema 35 ukiwa umekaa Arusha. Yeye angekutajia kwa rangi.

Alalili yenu, malisho mliyotenga kwa ajili ya kiangazi, ikoje? Sisi zamani tulifunga mvua ikianza, tukafungulia ndama na wagonjwa tu kiangazi. Ikaja siku vijana wakaanza kuingiza usiku, na wengine wakalima katikati. Sasa kijiji kina hati ya kimila ya kundi kwa eneo la malisho, anayeingiza kabla ya siku anatoa mbuzi. Tumekula mbuzi wengi mwaka wa kwanza. Siku hizi wachache.

Mwulize pia baba yako kama ana pakiteng, rafiki wa kupeana ng'ombe, upande uliopata mvua. Ng'ombe aliyempa rafiki miaka ile hakuwa wa kujionyesha, alikuwa anaandaa mwaka kama huu.

La mwisho nalisema kwa uchungu. Ogopeni usiku wa kwanza wa mvua. Ng'ombe aliyedhoofika akilowa na baridi haoni asubuhi. 2009 nilipoteza sita usiku mmoja, kwa mvua tuliyoiomba miezi tisa. Wekeni chakula cha wiki ile, msikimalize hata kama moyo unauma.

Kijana wa Ketumbeine aliandika:

Koko, shikamoo. Nilikwenda Jumamosi. Mama alicheka sana aliposikia 35.

Tulihesabu pamoja zizini kabla hawajatoka. Madume 19, majike wazee 6. Mama mwenyewe akamtoa mmoja wa nyumba yake, yule mwenye madoa, akasema amekauka tangu Oktoba na "anakula kwa heshima tu". Mzee amekubali 25 waende mnada ujao. Dume mmoja kakataa, yule wa kengele, na sikubishana. Mitamba kumi na mbili itapanda Monduli Juu kwa pakiteng wake. Kumbe yupo, na alikuwa anasubiri aombwe.

Hela haiendi benki yote. Nusu ni mashudu ya alizeti na pumba, na magunia manane tumekubaliana hayafunguliwi mpaka mvua inyeshe. Funguo za stoo anazo mama.

Kuna mwenye lori linalotoka Arusha kuja Longido wiki ijayo? Nahitaji nafasi ya magunia ishirini na tano.