Mjadala: Je, mwananchi aruhusiwe kukata kuni zake mwenyewe katika msitu wa umma?

Mtoa hoja:

Kila swali hili linapoibuka, husikika kauli mbili zinazogongana. Ya kwanza hudai kwamba msitu wa umma ni mali ya wote, na kwamba kuuacha mti ulioanguka uoze ilhali kuna meko yasiyo na moto ni hasara tupu. Ya pili hudai kwamba ukimruhusu mmoja umewaruhusu wote, kwa hiyo dawa ni marufuku. Mimi siafiki hata moja. Naona mwananchi aruhusiwe, lakini sheria ipime mzigo na chombo kilichoubeba badala ya kuishia kuuliza kama mti ulikuwa mkavu au mbichi.

Ugomvi wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1842 Karl Marx, akiwa bado mwandishi kijana wa gazeti huko Köln, Ujerumani, alichapisha mfululizo wa makala kuhusu sheria iliyojadiliwa na bunge la jimbo la Rhine, ambayo iliweka kuokota matawi makavu katika fungu moja na wizi wa miti. Alisisitiza kwamba anayeokota tawi lililokwisha kutengana na mti hatendi tendo lile lile la anayeuangusha. Hata asiyekubaliana naye katika mengine yote ataona kwamba hapo alishika jambo la msingi.

Hata hivyo, kanuni ya “kata mti mkavu tu”, ambayo wengi huiona kuwa ya haki, ina mlango wa nyuma. Mtu akitaka kuni nyingi hulichagua shina zima, akalibandua gome kulizunguka pande zote, chini kabisa ambako majani huficha jeraha, kisha akaenda zake. Chakula kinachotengenezwa na majani hupita katika tabaka la ndani la gome, na njia hiyo ikikatika mizizi hufa njaa. Baada ya muda majani hupukutika, na aliyeubandua hurudi na msumeno kukata mti ambao sasa, mbele ya sheria, ni mkavu. Mlinzi anayekagua kisiki hana la kumshtaki. Kanuni imetiiwa neno kwa neno, na mti umeuawa.

Ndiyo maana napendelea kipimo cha mzigo. Nchini Marekani, idara ya misitu ya taifa hutoa vibali vya kuni za nyumbani vinavyohesabiwa kwa kipimo cha futi za ujazo 128, yaani takriban mita za ujazo 3.6, na kuni hizo haziruhusiwi kuuzwa. Katika misitu mingi ya huko mwenye kibali hutakiwa kufunga lebo kwenye mzigo kabla ya gari kuondoka. Uzuri wake ni kwamba gari lililosheheni huonekana barabarani, ilhali kisiki kilichomo ndani ya msitu hakionwi na mtu. Kwa anayebeba tita kichwani sioni haja ya kibali chochote, kwa sababu shingo ya binadamu ina kikomo chake.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mtoa hoja, umeeleza vizuri, lakini umezungumza kana kwamba mti mkavu ni taka inayosubiri mwenyewe. Mti uliofia wima ni nyumba: kigong’ota hutoboa tundu, naye akihama huingia ndege wengine, popo na nyuki. Gogo linalooza hulisha kuvu na wadudu, na rutuba yake hurudi ardhini. Ukiwaruhusu watu wabebe kila kilichokauka, mwishowe msitu utakuwa safi kama ua uliofagiliwa, na maskini vilevile.

Isitoshe, kuni husafirisha wageni. Mdudu wa kutoka Asia anayeshambulia miti ya jamii ya Fraxinus (kwa Kiingereza “ash”) aligunduliwa jimboni Michigan mwaka 2002. Tangu hapo ameua mamilioni ya miti Amerika Kaskazini, na kuni zilizopakiwa magarini ni mojawapo ya njia zilizomfikisha mbali, kwa kuwa viwavi wake hujificha chini ya gome. Lebo yako inahesabu mzigo, haioni kilichomo ndani yake.

Mchangiaji wa pili:

Mimi nauliza tu nani atakayesimama hapo barabarani. Walinzi ni wachache na msitu ni mkubwa. Kibali kisicho na mkaguzi humbana mwaminifu peke yake.

Mtoa hoja:

Nakubali kuhusu miti iliyofia wima, na naongeza sharti: isiguswe pale inapoonyesha matundu ya ndege, na kuni zitumike karibu na zilikokatwa. Kuhusu ukaguzi, jibu langu ni jirani. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba watumiaji wa mali ya pamoja huweza kuilinda wenyewe wanaposhiriki kutunga kanuni na kusimamiana. Kenya imelipa wazo la namna hiyo nguvu ya kisheria: Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inaruhusu vyama vya jamii vya misitu kupewa haki za matumizi, ukusanyaji wa kuni ukiwemo, navyo hubeba wajibu wa kuulinda msitu huo. Mtu anayepita njia ile ile kila wiki hulijua gome lililobanduliwa kabla majani hayajapukutika, jambo ambalo mkaguzi wa barabarani hawezi kulijua kamwe. Kwa hiyo kibali cha msumeno na gari kipitie mikononi mwa chama cha wenyeji, na chama hicho kiwe na mamlaka ya kukinyima.